Makarani wakikosea, tubadilishe programu au tuwafunze upya?

Katibu wa Chama, Moshi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande huu wa mlimani. Tuna vituo kadhaa vya kukusanyia maziwa, na kila kituo kina karani anayepima, anayeandika na kumpa mfugaji stakabadhi. Zamani kazi hiyo ilifanyika kwa daftari na kalamu; sasa inafanyika kwa kishikwambi chenye programu tuliyotengenezewa na kijana mmoja wa hapa mjini, ambaye kwa haki lazima niseme ni mchapakazi na bei yake haikutuumiza.

Tatizo ni makosa. Mfugaji aliyeleta lita 14.5 anaonekana mwisho wa mwezi kuwa ameleta lita 145, na mwingine anakuta maziwa yake yameandikwa kwa mtu mwenye jina linalofanana na lake. Maziwa yaliyopokelewa alfajiri yanaonekana yamefika adhuhuri, kwa hiyo programu inayaweka katika fungu la maziwa yaliyochelewa na kuyakata bei. Kuandaa malipo kunachukua muda mrefu kuliko wakati wa daftari, kwa sababu mtunza fedha analazimika kurudi vituoni na kuuliza mstari kwa mstari.

Bodi imegawanyika. Upande mmoja, akiwemo kijana aliyetengeneza programu, unasema kwamba programu haina kosa, kwa kuwa inahifadhi kile inachopewa, na kwamba makarani wakipewa semina wakajua kuandika ipasavyo mambo yatanyooka. Upande wa pili, ambao makarani wenyewe wanauunga mkono, unasema programu ni kali mahali pasipohitaji ukali na ni laini mahali panapouhitaji: inakataa namba ya simu kwa sababu ya nafasi moja iliyoachwa katikati ya tarakimu, lakini inapokea lita 145 kutoka kwa mtu mwenye ng'ombe wawili bila kushtuka.

Fedha iliyopo inatosha jambo moja, ama semina ama marekebisho ya programu. Naomba maoni ya waliowahi kukutana na suala hili, na zaidi ya maoni naomba sababu, maana nitatakiwa kuzieleza mbele ya bodi.

Fundi Programu, Njiro

Ndugu Katibu, mimi hutengeneza programu kwa ajili ya ofisi za utalii hapa Arusha, na ningeiomba bodi isiyaite yote hayo makosa ya makarani kabla ya kuyatazama moja moja, kwa sababu mawili kati ya uliyoyataja yanaelekea kuwa yamezaliwa ndani ya programu yenyewe.

Anza na lita 14.5. Kwenye kibodi ya kishikwambi mkato na nukta mara nyingi vimekaa jirani, na karani mwenye haraka ataandika 14,5. Nashuku kwamba programu yenu, kwa nia njema ya kuwasaidia wanaoandika 1,000 kwa mkato, inauondoa mkato huo kimya kimya kabla ya kuhifadhi, na kinachobaki ni 145. Mwombe kijana aandike 14,5 mbele yako, mtajua papo hapo. Ikiwa ndivyo, basi huo ni upole wa programu, tena upole wa hatari, kwa kuwa imechagua maana moja kati ya mbili bila kumwuliza aliyeandika.

Saa nayo ni hivyo hivyo. Karani anayepokea maziwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaandika 12:30, kwa sababu hiyo ndiyo saa kwa kila mtu anayemzunguka, lakini programu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane na inaelewa kwamba ni adhuhuri. Unaweza kumfunza karani ahesabu saa sita mbele au nyuma kila anapoandika, na siku nyingi atapatia. Atakosea siku ya foleni ndefu, ambayo ndiyo siku yenye maziwa mengi. Kishikwambi chenyewe kinaijua saa. Sioni sababu ya karani kuulizwa kitu ambacho chombo alichoshika mkononi kinakijua kuliko yeye. Programu ijaze wakati wa kupima, iuonyeshe kwa saa zetu, na kosa hilo litakuwa limeondoka bila mtu kukaa darasani.

Katika utalii ugonjwa wetu ni tarehe na viwanja vya ndege. Mgeni wa Marekani akiandika 04/07 ana maana ya Aprili, na mgeni wa Uingereza ana maana ya Julai, na hakuna kitu ndani ya tarakimu hizo kinachoweza kukuambia nani ni nani. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilibandika tangazo ukutani likiwataka wafanyakazi wahakikishe tarehe na wageni, na tangazo hilo lilisomwa kwa bidii mpaka lilipozoeleka. Kilichomaliza tatizo ni kuondoa visanduku vya tarakimu na kuweka orodha ya miezi kwa majina. Kwa upande wa viwanja, madereva walikuwa wakisubiri Kisongo, kwenye kiwanja cha Arusha, wakati mgeni amesimama KIA, kiwanja cha Kilimanjaro, kwa sababu fomu iliuliza kama mgeni atatua Arusha, na mgeni anayekwenda kulala Arusha hujibu kwamba ndiyo. Siku hizi fomu inauliza namba ya ndege, na kiwanja kinajulikana kutokana nayo.

Hoja ya kwamba programu haina kosa kwa kuwa inahifadhi inachopewa ni ya zamani, na majibu yake ni ya zamani pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado barabarani, wakikunja magurudumu badala ya kukunja mabapa ya mabawa, na ndege inalala kwa tumbo. Hawakuwa watu wasiofunzwa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aliona kwamba vishikio vya vitu hivyo viwili vilikaa bega kwa bega na vilifanana, ilhali katika ndege za C-47, ambako havikukaa hivyo, kosa hilo halikuwa likitokea. Dawa yake ilikuwa kuweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye kishikio cha magurudumu na umbo la kabari kwenye kile cha mabapa, ili mkono ujue umeshika nini hata jicho lisipotazama.

Mkaguzi Mstaafu, Moshi

Kijana wangu wa Njiro ameandika vizuri, nami simpingi katika habari ya saa na mkato. Ila nimekagua hesabu za vyama vya ushirika mkoani huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ninaona amechagua makosa yale ambayo yanajionyesha yenyewe. Lita 145 kutoka kwa ng'ombe wawili si kosa linalonitisha, kwa kuwa kila atakayelisoma litamshtua. Linalonitisha ni lile linalofanana na ukweli.

Katibu hakutueleza kama vituo vyake vinapima kwa ndoo yenye alama au kwa mizani. Kama ni mizani, basi aulize kila karani swali moja: lita moja ya maziwa ina uzito gani? Ina uzito wa takriban kilo 1.03. Karani anayesoma kilo 100 kwenye mizani na kuandika lita 100 ameandika lita karibu tatu ambazo hazipo, na kiwanda kinachopokea kwa lita hakitazilipa. Pengo hilo litaonekana mwisho wa mwezi, watu watatuhumiana wizi, na hata mmoja hatakuwa ameiba. Programu gani itamzuia huyo? Mia moja ni namba halali, imeandikwa vizuri, haina mkato wala nafasi. Karani asiyejua tofauti ya kilo na lita anahitaji kufundishwa, na akishafundishwa atailinda hesabu hata siku kishikwambi kikizima.

Pili, vijana wa programu wanapenda kuweka dirisha linalouliza "Una uhakika?" wakidhani wameweka ulinzi. Desemba 2005 karani wa kampuni ya hisa ya Mizuho nchini Japani alitakiwa kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000, akaandika kuuza hisa 610,000 kwa yeni 1, idadi inayozidi kwa mbali hisa zote za J-Com zilizokuwapo. Mtambo ulitoa onyo. Onyo likapitwa, kwa kuwa maonyo hutoka kila siku na mtu huyabonyeza kama anavyofukuza inzi. Hasara ilikuwa yeni bilioni 40 hivi. Mtu anayeelewa anachokiuza hahitaji onyo, na asiyeelewa hasaidiwi nalo.

Jambo la tatu nalitaka liandikwe hata kama mengine yataachwa. Katika leja hatufuti. Kosa linaachwa lilivyo, linaandikwa ingizo la kulibatilisha, na la tatu lenye namba sahihi, pamoja na jina la aliyefanya hivyo. Nikisikia programu "inawavumilia wanaokosea" huwa nauliza kwanza kama uvumilivu huo unaacha alama. Programu inayomruhusu karani kubadilisha lita za jana bila mtu kujua imefungua mlango ambao daftari la karatasi lilikuwa limeufunga, maana kwenye karatasi kufuta kulionekana.

Kuhusu semina, Katibu, nakubali kwamba fedha nyingi za semina hunywewa chai na kugawanywa posho. Sizungumzii semina ya hotelini.

Karani wa Kituo, Hai

Mzee Mkaguzi, shikamoo. Mimi ni karani wa maziwa katika chama kingine, na nachangia kwa ufupi kwa sababu naona tunazungumziwa sana.

Kwetu suala la kilo na lita tulifundishwa tulipoanza, na mizani yetu ina jedwali pembeni, kwa hiyo mzee ana haki. Lakini makosa mengi hayatoki katika kutojua. Nikiandika herufi tatu za kwanza za jina, inatokea orodha ndefu ya akina Mushi na Massawe, mistari imebanana, mkono wangu una maziwa, kidole kinagusa mstari wa chini. Hapo nimefunzwa nini nisichokijua? Ninamfahamu mama aliyesimama mbele yangu tangu nikiwa mtoto. Ningepata picha yake, au walau jina la kitongoji chake na kiasi alicholeta jana, ningeona mara moja kwamba nimemgusa mtu mwingine.

Kuna jambo lingine ambalo mabosi hawalijui, nami naliandika kwa kuwa hapa hatujulikani. Programu yetu ukishabonyeza "Hifadhi" huwezi kurekebisha chochote mpaka upige simu ofisini, na ofisini wanafungua saa mbili wakati sisi tumeanza saa kumi na mbili. Kwa hiyo makarani wengi wanaandika kwenye karatasi asubuhi, wakitulia mchana ndipo wanaingiza kwenye kishikwambi. Saa zinazoonekana ni za mchana kwa sababu kweli zimeingizwa mchana. Katibu akague kama na kwake si hivyo kabla ya kulaumu mkato.

Mtaalamu wa Mionzi, Arusha

Dada Karani ametaja jambo zito kuliko alivyodhani, kwa sababu mtu anayerekebisha kosa lake kwa haraka ndiye aliyeangukiwa na mkasa unaofundishwa sana katika fani yangu.

Kati ya mwaka 1985 na 1987, nchini Marekani na Kanada, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi iliyozidi kipimo kwa mbali, na baadhi yao walifariki kutokana nayo. Katika hospitali moja ya Texas mwendeshaji aliandika herufi ya aina moja ya mionzi akitaka nyingine, akaliona kosa lake, akarudi juu na kulisahihisha, kisha akaendelea. Alikuwa mzoefu na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Sumaku za mashine zilihitaji sekunde 8 hivi kujipanga, na programu haikuyatambua marekebisho yaliyofanyika ndani ya sekunde hizo. Skrini ilionyesha maelezo sahihi wakati mashine imekaa katika hali nyingine. Kilichotokea kwenye skrini ni maneno "Malfunction 54", ambayo mwongozo haukuyaeleza, na kwa kuwa mashine ilizoea kutoa ujumbe wa aina hiyo mara kwa mara, mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea.

Natofautiana na Mzee Mkaguzi hapo. Mwendeshaji yule alielewa kazi yake, alikosea kama binadamu yeyote, na alisahihisha. Kilichomwangusha ni programu ambayo haikutarajia kwamba mtu angesahihisha haraka, pamoja na uamuzi wa watengenezaji kuondoa vizuizi vya chuma na umeme ambavyo mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa navyo, wakaiachia programu ulinzi wote. Maziwa hayaui mtu kwa namna hiyo, nakubali, lakini ukisikia mtu akisema ujuzi wa mtumiaji unatosha, kumbuka kwamba ujuzi ndio uliompa kasi.

Mwalimu wa Kompyuta, Arusha

Nimesoma michango yote kwa makini, na naona mjadala unasumbuliwa na neno "kuvumilia", ambalo kila mchangiaji analitumia kwa kazi yake. Programu inaweza kuvumilia kwa kupokea maandishi yenye sura mbalimbali, inaweza kuvumilia kwa kukisia ulichokusudia, na inaweza kuvumilia kwa kukuruhusu urudi nyuma. Mambo haya hayafanani, na Katibu anaweza kutaka la kwanza na la tatu huku akilikataa la pili kabisa.

Kupokea sura mbalimbali hakuna ubishi. Namba ya simu yenye nafasi katikati, au inayoanza na 0 badala ya +255, ni namba ile ile, na kuikataa ni kumhamishia mtu kazi ambayo mashine ingeifanya bila jasho. Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa waliounda kanuni za intaneti, aliandika kwamba programu iwe makini katika inachotoa na iwe karimu katika inachopokea, na kwa miaka mingi kanuni hiyo iliheshimiwa mno. Hata hivyo ukarimu huo ulipopita kiasi ulizaa balaa lake. Vivinjari vilipokea kurasa za wavuti zilizoandikwa ovyo, kila kimoja kikakisia kwa namna yake, waandishi wakaendelea kuandika ovyo kwa kuwa ukurasa ulionekana, na ilibidi kanuni za HTML5, lugha ya kuandikia kurasa hizo, zieleze kwa kina jinsi ya kusoma hata makosa yenyewe, ili angalau vyote viyasome kwa namna moja.

Kukisia ndiko kunakoniudhi. Programu ya Excel ikiona jina la jeni SEPT2 hudhani ni tarehe na kuligeuza kuwa tarehe 2 Septemba, bila kuuliza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba karibu moja ya tano ya makala za sayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Watafiti walikuwa wamefunzwa mpaka shahada ya uzamivu, na bado hawakuyaona. Mwisho wake, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Mkato wa 14,5, kama kweli ndivyo ulivyo, ni mtoto wa familia hiyo.

Sasa tazama mfano ulio ukutani kwa kila mmoja wetu. Namba za umeme wa LUKU zina tarakimu 20, na watu wa kila umri na kila kiwango cha elimu wanaziingiza gizani kwa mwanga wa simu. Mita haikisii hata kidogo. Ukikosea tarakimu moja inakataa, haikupi umeme wa jirani wala uniti pungufu, na unaandika tena. Mwaka 2024, kabla ya hesabu ya muda iliyomo ndani ya mita za mfumo huo duniani kufikia ukomo wake tarehe 24 Novemba, wateja walitakiwa kuingiza mafungu ya ziada ya tarakimu 20, na nchi nzima ikafanya hivyo kwa maelekezo mafupi tu. Huo ni mtambo mkali, lakini kosa lako halikugharimu chochote zaidi ya kurudia, na ndiyo maana watu wanauvumilia.

Katibu anaweza kupata ukali huo kwa bei ndogo kwenye namba za uanachama. Hans Peter Luhn wa IBM alibuni hesabu, aliyopewa hataza yake mwaka 1960, inayoongeza tarakimu moja ya kuhakiki mwishoni mwa namba. Ukikosea tarakimu yoyote moja, hesabu inakataa. Ukibadilishana mbili zilizo jirani, inakataa pia, isipokuwa zikiwa 0 na 9. Mfugaji akija na kadi yenye namba ya aina hiyo, karani hahitaji kutafuta katika orodha ya akina Mushi.

Kwa Mzee Mkaguzi naongeza jambo moja kwa heshima. Agosti 2020 benki ya Citibank ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya Revlon riba ya dola milioni 8 hivi, ikatuma karibu dola milioni 900. Muamala ulipitiwa na watu watatu, na wote watatu waliamini kwamba kuweka alama kwenye kisanduku kimoja kulitosha kuuzuia mtaji, yaani mkopo wenyewe, usitoke, ilhali programu ilihitaji visanduku vitatu vyenye majina ambayo hayakueleza hivyo. Karibu dola milioni 500 hazikurudishwa mara moja, na kesi ilikwenda mpaka mahakama ya rufaa ilipoamua kwa faida ya benki mwaka 2022. Walikuwa wakijua vizuri tofauti ya riba na mtaji. Walichokosa ni skrini inayowaambia kwa sentensi moja kwamba dola hizi, kiasi hiki, zinatoka nje ya benki.

Mkaguzi Mstaafu, Moshi

Mwalimu, marahaba kwa heshima hiyo. Nakubali habari ya benki, na nakubali kwamba onyo linalotaja kiasi na jina si sawa na onyo linalouliza "Una uhakika?". Hapo nimeongeza kitu. Lakini watu watatu waliopitisha bila kushtushwa na namba yoyote, mimi bado nawahesabia sehemu yao. Programu mbaya haimwondolei mtu macho.

Na habari ya kilo na lita haijajibiwa na mtu yeyote.

Fundi Programu, Njiro

Nitaijibu, mzee wangu. Programu iandike kile karani anachokisoma, yaani kilo, na igawanye yenyewe. Karani asiulizwe lita kabisa kama mizani yake haisomi lita. Ila nakiri kwamba mfugaji atauliza kwa nini mizani imesema 20 na stakabadhi imesema 19.4, na hapo karani lazima awe na jibu kichwani, si kwenye kishikwambi. Hilo ni la kufundisha, na naliona ni lako.

Katibu wa Chama, Moshi

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Nilipita vituoni kabla ya kuandika. Dada Karani wa Hai alikisia sawasawa: katika vituo viwili nilikuta karatasi zimekunjwa chini ya kishikwambi, na makarani walikiri kwamba wanaingiza mchana. Habari ya mkato nayo ni kweli. Kijana wetu aliandika 14,5 mbele yangu, akatazama skrini, akanyamaza kidogo, kisha akasema ataiondoa bila malipo.

Nitakachopeleka kwenye bodi ni kwamba fedha iende kwenye programu: karani aandike kilo, saa ijazwe na kishikwambi lakini ibaki ya wakati wa kupima hata kama mtandao haupo, namba za uanachama zipangwe upya kwa tarakimu ya kuhakiki, na karani aonyeshwe picha na kiasi cha jana. Kiasi kikizidi sana kawaida ya mfugaji huyo, programu isikatae, bali imtake karani aandike tena namba, maana ng'ombe akizaa maziwa huongezeka kweli. Mafunzo hatutayaita semina. Karani mzoefu atakaa asubuhi chache katika kituo cha mwenzake, kwa nauli tu, wakianza na kilo na lita.

Nimekwama mahali pamoja. Makarani wanataka waweze kubatilisha wenyewe, na Mzee Mkaguzi hataki kitu kibadilike bila alama. Karani apewe muda gani wa kujirekebisha kabla ofisi haijahusishwa?

Fundi Programu, Njiro

Usipime kwa dakika, Ndugu Katibu. Gmail inampa mtumaji kati ya sekunde 5 na 30 za kuirudisha barua, na hiyo inafaa kwa barua, lakini kituoni foleni ndiyo saa. Mwache karani abatilishe mpaka mfugaji anayefuata atakapoanza kupimiwa, kwa sababu hadi hapo mwenye maziwa bado amesimama mbele yake na ndoo yake anaiona. Baada ya hapo iwe ni ingizo la kubatilisha lenye jina la karani na sababu, na mfugaji apate ujumbe wa simu wenye namba ya zamani na mpya.

Mkaguzi Mstaafu, Moshi

Hata hilo la kwanza, la kabla ya mfugaji anayefuata, liandikwe pembeni. Ofisi haina haja ya kulisoma kila siku, lakini mkaguzi akija alikute.

Karani wa Kituo, Hai

Liandikwe, mzee, hatuna shida nalo. Ila na ofisi nayo ikirekebisha namba zetu, jina la aliyerekebisha tulione na sisi.